Mutindi na Kisanduku cha Mapigo

Kila jioni baada ya masomo, Mutindi na mdogo wake Kasyoka walikwenda mtoni na punda wao kuteka maji. Wakati wa kiangazi mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, kama mito mingi ya upande wa Migwani. Ilibidi kuchimba, kungoja maji yajikusanye, kisha kuyachota kwa kata mpaka madebe yajae. Mutindi aliichukia kazi hiyo kuliko zote.

Muhula huo kwaya ya shule ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha la muziki mjini Kitui. Kasyoka aliongoza wimbo, na Mutindi alipiga ngoma. Mkono wake ulikuwa na nguvu, lakini ulipenda mbio. Alikuwa amezoea ngoma za sokoni, ambako watazamaji wakipuliza filimbi mpigaji huongeza kasi na wachezaji huruka juu zaidi.

Mwalimu Kilonzo, aliyefundisha kwaya, akamkabidhi kisanduku cha mbao chenye mshale ulioyumba huku na huku ukisema tik, tak, bila kuharakisha wala kuchelewa.

"Hii ni metronomu," alisema. "Ngoma itabaki shule. Nyumbani itie ufunguo, halafu piga mapaja yako ukiifuata. Kila jioni, sawa?"

"Sawa, mwalimu."

Mama yao alifurahi. "Basi Kasyoka ataenda mtoni peke yake," alisema. "Wewe Mutindi fanya mazoezi. Nikisikia hicho kitu kinalia, nitajua uko kazini."

Jioni ya kwanza Mutindi alijaribu, akachoka upesi. Jioni iliyofuata alikitia kisanduku ufunguo, akakiweka dirishani, akajinyoosha kitandani.

"Kaza, mwanangu!" Mama aliita kutoka jikoni.

Mutindi aliziba mdomo asicheke. Tangu siku hiyo kisanduku kilifanya mazoezi, yeye akalala. Lakini raha yenyewe haikuwa raha. Kasyoka alirudi amechoka, mchanga umemjaa magotini, naye hakusema ila, "Umeendelea vizuri, dada?" Mutindi alijibu ndiyo huku akiangalia ukuta.

Siku moja, katikati ya wimbo, ngoma ilienda mbele na sauti ya Kasyoka ikabaki nyuma. Alitweta, akakosa maneno. Mwalimu akainua mkono, kwaya ikanyamaza.

"Kasyoka, unachelewa! Dada yako anafanya mazoezi kila jioni, mama yenu ameniambia. Wewe huwa unafanya nini?"

"Huwa nachota maji, mwalimu."

"Basi umechoka. Kuanzia kesho Syokau ataongoza."

Kasyoka alirudi mstari wa nyuma akifuta macho kwa kola ya sare. Mutindi alitaka kusema ukweli, lakini aliogopa kunyang'anywa ngoma.

Jioni hiyo alilala kitandani kama kawaida, kisanduku kikilia. Nje, Kasyoka alikuwa akimfunga punda madebe huku akiimba ule wimbo polepole. Mutindi akasikiliza. Kila neno la mdogo wake liliangukia pale pale kwenye tik. Mshale haukumwacha, naye hakuuacha.

Mutindi aliketi. Kasyoka hakuwa amechelewa hata kidogo. Aliyekuwa akikimbia ni yeye. Aliona aibu hata machozi yakamtoka.

Alikwenda jikoni, akamweleza mama yake yote. Mama aliweka mwiko chini.

"Kumbe nilikuwa nashangilia kisanduku?"

"Nisamehe, Mwaitu," alisema, kama Wakamba wamwitavyo mama yao.

"Kesho utamwambia mwalimu mwenyewe, Kasyoka akisikia. Kwa sasa, punda anakungoja."

Asubuhi Mutindi alikiri mbele ya kwaya nzima. Mwalimu Kilonzo akamwambia Kasyoka aimbe kando ya metronomu. Aliimba mwanzo hadi mwisho bila kuiacha.

"Nilikuonea, Kasyoka," mwalimu alisema. "Rudi mbele. Na wewe Mutindi, ukiweza kuifuata metronomu wimbo mzima, utapiga. Usipoweza, ngoma itapigwa na Mbuvi."

Tangu hapo Mutindi alichota maji kwanza, kisha akapiga mapaja yake, Kasyoka akiimba karibu naye. Alianza polepole sana, akaongeza mwendo kidogo kidogo. Kisanduku kilimwonyesha mahali mkono ulipotoroka: ni pale wimbo uliponoga. Alirudia hapo mpaka mapaja yakawaka moto.

Ngoma ikabaki yake. Kule Kitui, wimbo ulipopamba moto, watu walipiga vigelegele na filimbi. Mkono ulimwasha Mutindi ukitaka mbio. Akamtazama Kasyoka mgongoni, akaushika mwendo wake. Sauti ya mdogo wake ilipanda, nzima na wazi, mpaka neno la mwisho. Walishika nafasi ya pili.

Walipofika nyumbani Mama aliwakumbatia wote wawili, kisha akamgeukia Mutindi.

"Mazoezi hayawezi kufanywa na kisanduku, mwanangu. Na kazi uliyoikwepa haikupotea. Ilimwangukia mdogo wako, kisha akalaumiwa yeye. Usisahau."

"Sitasahau, Mwaitu."

Kasyoka alikuwa tayari ameshika kamba ya punda. Mutindi akaichukua mkononi mwake.

"Leo wewe pumzika," alisema, akashika njia ya mtoni.