Sekunde Kumi za Kári

"Anachotaka kusema ni kwamba—"

Kári akanikatiza tena, kwa Kiingereza, mbele ya mama yake, nikiwa bado natafuta neno la tatu. Mama Sigurlaug alikuwa ameniuliza mimi, tena kwa Kiaislandi, tutafunga ndoa lini. Nikaweka kikombe chini, nikachukua koti. Kári akanifuata hadi mlangoni.

"Jurgita, nilikuwa nakusaidia tu."

"Nani kakuomba?"

Miaka mitatu nimekaa hapa Aislandi, mjini Hafnarfjörður, nauza mikate. Nikisema Kiaislandi, wateja wananijibu Kiingereza, kana kwamba Mlithuania hana masikio. Kári ndiye aliyeniapia kwamba hilo litakwisha. Akabuni programu ya simu ya kuwazoeza wageni kuongea, na sauti ya mwalimu ni yake mwenyewe. Mimi ndiye niliyeijaribu kwanza. Humo ndani ni mpole ajabu, hakatizi, hacheki.

"Kwenye simu unanisubiri sekunde kumi," nikamwambia. "Mezani hata mbili huna. Sasa niolewe na simu?"

Nikatoka, nikafunga mlango.

Siku tatu sikutulia. Nilizunguka bandarini kwenye upepo, nikarudi ndani, nikatoka tena. Nampenda, na hiyo ndiyo tabu yenyewe. Jumbe zake zikamiminika, zote za Kiingereza, sikujibu hata moja. Ya tisa ikaja kwa Kiaislandi: "Njoo bwawani Jumamosi saa nne. Nitakaa kimya."

Kwenye beseni kubwa la maji moto, kando ya bwawa la kuogelea, tuliwakuta wazee wawili wakibishana kuhusu mvua. Nikaingia, nikaanza kumsemesha Kári kwa Kiaislandi. Neno la kwanza likatoka, la pili likakwama. Mzee mmoja akanionea huruma, akaanza kunisemesha Kiingereza.

"Mwache amalize," Kári akasema.

Nikamgeukia.

"Sitaki mwalimu," nikasema hatimaye. "Nataka mume. Utaweza?"

Hilo neno "mume" nililiharibu, nikajisikia mwenyewe. Kári naye alilisikia. Nilimwona midomo ikimcheza, kisha akalimeza kosa langu na kulipitisha.

"Nitaweza," akajibu kwa Kiaislandi. Macho yalikuwa yamemlowa, na hayakuwa maji ya bwawa. "Mama bado anasubiri jibu. Nimwambie—"

Akajishika mdomo.

"Nitamwambia mwenyewe," nikasema.