Chiriku na Vichupa Vyekundu

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikishalia, Chiriku alitoka shuleni na kwenda moja kwa moja maabara. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na kazi aliyopewa pale ilihitaji mdomo hasa. Hakuruhusiwa kugusa kitu. Alisimama nje ya kioo kikubwa. Ndani, mama yake, amevaa koti jeupe na glavu, alipanga vichupa kwenye rafu, kisha akageuka kuandaa vingine. Chiriku alitaja rangi ya kila kichupa kwa sauti, na mjomba wake, kaka wa mama, aliyekaa chumba cha pili, aliiingiza kwenye kompyuta.

"Nyekundu!"

"Nyekundu tena?" mjomba akaguna.

"Kaka, hiyo mashine yako leo imekula nini?" mama aliuliza kupitia tundu la kuongelea.

"Iache, dada. Mtoto akianza kutembea huanguka."

"Basi wako ana matege!"

Walitaniana hivyo kutwa, lakini kazi yenyewe haikuwa ya utani. Chakula cha mchana kilikuwa kimesimamishwa shuleni kwa Chiriku. Mahindi ya ghala yalishukiwa kuwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoharibu ini, na ambayo huwezi kuiona kwa macho. Sampuli zilipelekwa mbali, na majibu hayakurudi. Wakubwa waliendelea kula na kushiba. Waliosubiri majibu ni watoto, wakisinzia kwenye kipindi cha hesabu kwa njaa. Na sisi wenye kumbukumbu ndefu hatujasahau: mahindi ya ghala hilohilo yaliwahi kuoza miaka ya nyuma, karani wa ghala akasema ni safi, watoto wakalazwa hospitali. Hakuna mkubwa aliyeulizwa hata swali moja.

Ndiyo maana mama na mjomba walitafuta kipimo cha kutumika pale pale mlangoni mwa ghala. Walihitaji aptama, yaani uzi mfupi wa DNA unaojikunja ukapata umbo la kuishika sumu moja tu, kama kufuli na ufunguo wake. Zamani mama aliutafuta uzi wa namna hiyo kwa mikono tu: alimwagia sumu nyuzi nyingi zisizohesabika, akaosha zilizoshindwa kushika, akazizalisha zilizobaki ziwe nyingi, akaosha tena. Kazi ya miezi. Sasa kompyuta ilizitazama nyuzi za mwanzo na kubashiri zipi zitashika, mama akazijaribu, na matokeo yakarudi kwenye kompyuta ili ibashiri vizuri zaidi. Uzi ukishika sumu, kichupa hugeuka bluu. Ukishindwa, hubaki chekundu.

Siku moja mkuu wa maabara alipita, mikono mfukoni. "Nyekundu zikiendelea hivi, mashine hii tutaizima," akasema, akaenda zake.

Chiriku alimwona mjomba ameinamisha kichwa. Roho ikamuuma. Rafu iliyofuata ilikuwa nyekundu karibu yote.

"Bluu!" akasema. "Bluu! Na hii bluu!"

Mjomba alipiga mluzi, akazunguka na kiti chake mpaka kikalia. Chiriku alicheka naye. Kulikuwa na ubaya gani kumfurahisha mjomba?

Kesho yake kompyuta ilileta nyuzi mpya kwa kujiamini kama jogoo. Mama alizijaribu, akasogea mwenyewe kuangalia. Nyekundu. Nyekundu. Rafu nzima nyekundu.

"Imetosha," alisema mkuu wa maabara, aliyekuja kuangalia. "Tunarudi kwenye kuosha kwa mikono."

"Hiyo ni miezi, mzee!" mama akasema. "Watoto watakula lini?"

Tumbo la Chiriku likanguruma, wote wakalisikia. Machozi yakamlengalenga.

"Si mashine," akasema. "Ni mimi. Jana zilikuwa nyekundu. Nilisema bluu ili mjomba asihuzunike."

Mjomba ndiye aliyelipuka kwanza, kwa kicheko. "Kumbe mashine yangu si pumbavu! Imedanganywa! Ilisifiwa kwa makosa yake, ikayarudia!"

Mama hakucheka. "Mwanangu, nyekundu ndiyo inayoifundisha wapi pasipofaa. Umeinyima mwalimu wake." Akavaa glavu mpya. "Haya. Vya jana vyote tunavirudia. Na wewe simama hapo useme unachokiona."

Mkuu wa maabara alikuna kichwa, akavuta kiti, akakaa.

"Nyekundu!" Chiriku alisema kwa sauti yake yote. "Nyekundu!"

"Ahsante, nyekundu!" mjomba akaitikia kila mara, kama mtu anayepokea zawadi.

Baada ya hapo kompyuta ilileta nyuzi nyingine. Kichupa cha kwanza, chekundu. Cha pili kikapauka, kikaingia zambarau, kisha bluu ya wino. Mama akapiga kigelegele ndani ya maabara, jambo lililokatazwa, na mkuu wa maabara akajifanya hakusikia.

Muhula uliofuata, kipimo kilipokwisha kuhakikiwa, walikwenda nacho ghalani. Mwalimu mkuu aliomba Mungu magunia yote yawe salama. Gunia baada ya gunia, kichupa kilibaki chekundu: hakuna sumu ya kushikwa. Chiriku akafika kwenye gunia la pembeni, lililonona kuliko yote.

"Bluu, mwalimu! Hili lina sumu. Liondoke!"

"Una hakika?" Mwalimu mkuu alikunja uso. "Lile kubwa?"

"Bluu!"

Likaondoka, likafukiwa. Siku hiyo jiko la shule liliwashwa, na foleni ya watoto wenye sahani ikazunguka jengo zima kwa kelele za shangwe.

"Mama," Chiriku aliuliza, "yule karani wa zamani alikuwa mtu mbaya?"

"Hakuwa na pembe, mwanangu. Hakutaka kumuudhi mkubwa wake, kama wewe ulivyotaka kumfurahisha mjomba. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukiona kitu, kiseme kilivyo, hata mkubwa akikunja uso."

"Hata mjomba akilia?"

"Hasa mjomba akilia," mjomba akadakia. "Sasa shika sahani, Chiriku, kabla foleni haijakuacha ukiongea!"