Simu ya Bibi na Mchezo Uliokatika

Kila siku ya shule Chiriku alirudi nyumbani akiwa na njaa na maneno mengi. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, kwa sababu alianza kuongea mapema kuliko watoto wote wa ukoo na tangu hapo hakunyamaza. Alivua viatu mlangoni, akachemsha chai, akampelekea bibi kikombe chumbani na kumsimulia ya shuleni yote, nani kacheka darasani na nani kasimamishwa. Maneno yalipomwishia ndipo alipokwenda sebuleni, akawasha kompyuta ya familia na kucheza sataranji.

Sataranji ilikuwa kitu pekee kilichomfunga mdomo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwaka huo alichaguliwa kuingia timu ya shule. Mashindano yalichezwa kwa mtandao: kila mchezaji alikaa kwao, naye mwalimu wake akafuatilia mchezo kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa dhidi ya msichana mmoja wa miwani, aliyeonekana pichani pembeni ya ubao, hodari kweli, ambaye hakuwa na papara hata kidogo. Chiriku alibanwa. Malkia wake alikuwa ameliwa na mfalme amebaki na askari wachache. Alikuwa ameshika shavu akitafuta njia ya kutokea, mara ubao ukaganda kwenye kioo cha kompyuta. Alibonyeza, hakuna kilichosogea. Alipogeuka kuitazama modemu, kile kisanduku kinacholeta intaneti ndani ya nyumba, taa yake ya kijani ilikuwa imezimika. Iliporudi, mchezo ulikuwa umekwisha. Kioo kiliandika kwamba mchezaji ameondoka, kwa hiyo ameshindwa.

Waandalizi wakaruhusu mchezo urudiwe. Mara ya pili mambo yakawa yale yale, tena wakati ule ule alipoanza kuzidiwa.

Kesho yake mwalimu wa sataranji alimwita pembeni. Alimweleza kwa upole kwamba shule ya yule msichana imelalamika. Walikuwa wanasema Chiriku akiona maji yamefika shingoni anachomoa waya ili asifungwe.

"Mimi siamini," mwalimu alisema. "Lakini sina cha kuwaonyesha. Mtacheza tena Jumamosi mchana, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Mchezo ukikatika tena, jina lako litaondolewa, na watabaki wakiamini hayo wanayoyasema."

Chiriku alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Alimkuta kaka yake amejilaza kwenye kochi, anaangalia mpira kwenye simu yake ya mkononi. Hakusalimu. Alimwambia kwamba yeye ndiye anayemaliza intaneti ya nyumba nzima, na kwamba kwa sababu yake sasa anaitwa mwongo. Kaka yake alikaa kitako akashangaa. Alisema siku zote mbili za mchezo alikuwa mazoezini, na kama Chiriku haamini, kocha yupo, akamuulize. Chiriku hakwenda kumuuliza mtu. Alijibu kwamba kocha ni rafiki yake, atamtetea tu. Kuanzia hapo wakanuniana, wakawa wanapishana ukumbini kama wapangaji wasiojuana.

Ijumaa alasiri kaka hakuwepo. Mama alikuwa kazini, na nyumba ilikuwa kimya. Chiriku aliketi kufanya mazoezi. Alikuwa anakaribia kumla mpinzani ngome, simu ya mezani ya bibi ikalia chumbani. Hapo hapo taa ya kijani ikazimika. Chiriku akakaa wima. Alimsikia bibi akiinua mkonga wa simu na kuongea na jirani, akacheka, akaaga. Mkonga uliporudishwa mahali pake, taa ilipepesa, ikawaka. Baadaye kidogo simu ikalia tena, na taa ikazimika tena.

Kumbe siyo kaka. Ni simu ya bibi.

Hapo angeweza kwenda kumwambia bibi alichokiona. Badala yake alisubiri bibi atoke nje kuota jua, akaingia chumbani kwa kunyata, akajipenyeza chini ya kitanda na kuchomoa waya wa simu ukutani. Akarudi kwenye kompyuta. Akacheza mchezo mmoja, wa pili, wa tatu. Taa haikutikisika. Furaha ilimjaa hadi akacheza ngoma peke yake katikati ya sebule.

Asubuhi ya Jumamosi furaha hiyo ilianza kufifia. Alipompelekea bibi chai alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mkonga sikioni. Bibi alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho wiki hiyo. Bandeji ilikuwa ifunguliwe Ijumaa jioni, na alikuwa ameahidi kupiga simu mara tu itakapofunguliwa.

"Simu haina hata mlio," bibi alisema. "Mimi nadhani jicho limeharibika, wanatafuta namna ya kuniambia. Usiku sikupata usingizi."

Chiriku aliweka kikombe mezani. Alitamani kuzama tena chini ya kitanda, achomeke waya kimyakimya, yaishe. Lakini macho ya bibi yalikuwa mekundu.

"Bibi, simu yako nimeichomoa mimi. Jana. Ilikuwa inanikatia mchezo."

Bibi aliuweka mkonga chini.

"Kwa hiyo mimi nimekesha nikimlilia mdogo wangu, kumbe waya uko chini ya kitanda changu?"

"Nisamehe, bibi."

"Chomeka kwanza. Msamaha utakuja baada ya mdogo wangu kuniambia anaona."

Chiriku alichomeka. Bibi alipiga, na mdogo wake akapokea akiwa na furaha tele: jicho linaona hadi sisimizi ukutani, na yeye amepiga tangu jana bila kujibiwa. Bibi alicheka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Alipomaliza, Chiriku alimshika mkono akampeleka sebuleni kumwonyesha taa. Alimweleza yote, malalamiko ya shule ile, mchezo wa mchana, na jinsi taa inavyokufa kila simu inapolia.

Bibi alifikiri. Kisha akauliza swali ambalo Chiriku hakuwa amejiuliza. Simu na intaneti vimekaa nyumba moja muda mrefu bila ugomvi, sasa vimekosana lini?

Chiriku akakumbuka. Zamani simu ile ilikuwa ukumbini. Magoti ya bibi yalipoanza kumsumbua, ndipo ilipohamishiwa chumbani kwake, na mchezo ulikatika mara ya kwanza siku chache baadaye.

"Mpigie shangazi yako," bibi alisema. "Yeye ndiye fundi wa simu. Ila siyo kwa simu hii, maana itaua mtandao tena."

Simu ya mkononi iliyokuwepo ilikuwa ya kaka. Chiriku alisimama mlangoni pa chumba chake. Alimwambia kwamba amemsingizia, kwamba tatizo halikuwa yeye, na kwamba alipaswa kumuuliza kocha. Kaka alimwacha ahangaike kidogo, akataka vyombo vya juma zima vioshwe na Chiriku, halafu akaangua kicheko na kumpa simu. Akamfuata sebuleni, kwa sababu naye alitaka kujua.

Shangazi alikuwa kazini, juu ya paa la jengo, upepo ukivuma kwenye simu. Alisikiliza hadi mwisho. Akaeleza kwamba waya mmoja wa simu unabeba mizigo miwili, sauti na intaneti. Ili visivurugane, kila simu ya mezani lazima ichomekwe kupitia kichujio, kidude kidogo cheupe kinachokaa kati ya simu na ukuta. Kichujio kikikosekana, au kikiwa kibovu, simu ikilia au mkonga ukiinuliwa intaneti inaweza kukatika, na mara nyingi mtu husikia mchakacho sikioni.

"Msibahatishe," alisema. "Chomoeni simu zote. Rudisheni moja moja, na kila mara jaribuni kabla ya kugusa nyingine."

Walianza. Simu zikiwa zimechomolewa zote, taa ilitulia. Wakachomeka kwanza simu ya pili ya nyumba, ile ya sebuleni iliyokaa siku nyingi bila kuchomekwa, nayo ilikuwa na kichujio chake. Kaka akaipigia kwa mkononi. Ikalia, taa ikabaki kijani. Wakarudisha ya bibi. Kaka akapiga, bibi akiwa amekaa kando ya simu kama mlinzi wa benki, na Chiriku akapaza sauti kutoka sebuleni kwamba imezimika. Kaka akaingia chini ya kitanda na tochi. Waya wa simu ya bibi ulikwenda moja kwa moja ukutani. Hakuna kichujio.

Basi cha zamani kiko wapi? Chiriku alikimbilia ukumbini, akasogeza rafu ya viatu. Kilikuwa bado kimening'inia kwenye soketi ya zamani, kimefunikwa na vumbi. Alikishika kana kwamba ameokota dhahabu. Wakakifunga kwenye simu ya bibi, kaka akapiga.

Taa ikazimika.

Saa ya mchezo ilikuwa inakaribia. Bibi aliinua mkonga, akasema anasikia kama mtu anakaanga kitu ndani ya sikio lake. Wakampigia shangazi tena, na yeye wala hakushtuka. Aliwaambia wabadilishane: kile cha sebuleni, ambacho wanajua kinafanya kazi, wakipeleke kwa bibi, na cha ukumbini wakilete sebuleni. Kosa likihama pamoja na kichujio, wamemkamata mkosaji.

Chiriku alikimbia na kichujio huku, kaka na kingine kule, wakagongana mlangoni. Simu ya bibi ikapigiwa ikiwa na kichujio cha sebuleni. Ikalia, ikalia, taa ikabaki kijani bila kupepesa. Bibi aliinua mkonga, akasema anasikia vizuri kabisa, na akataka apigiwe tena, utamu umemkolea. Halafu wakajaribu simu ya sebuleni ikiwa na kichujio cha ukumbini. Taa ikafa.

"Ni hiki," Chiriku alisema, akikiinua juu. "Siyo simu, siyo bibi, siyo wewe. Kwanza kilikosekana, sasa ni kibovu."

Kaka alikimulika kwa tochi. Pini zake za ndani zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Ukuta ule wa ukumbini ulikuwa unavuja mvua ikinyesha, wote walijua, na tangu simu ihamishwe kilikuwa kimeachwa wazi kikilowa. Shangazi aliahidi kuleta kipya akitoka kazini. Kwa sasa, alisema, kichujio kizima kibaki kwa bibi na simu ya sebuleni ikae bila kuchomekwa.

Mchezo ukaanza. Msichana wa miwani alicheza kama kawaida yake, taratibu, akimsogelea Chiriku kutoka pande zote. Chiriku alijitahidi. Alimla farasi mmoja, akapata matumaini, akapoteza ngome. Alipokuwa amebanwa hasa, pale pale alipobanwa siku zile mbili, simu ya bibi ikalia.

Kaka, aliyekuwa nyuma ya kiti, alishika kichwa. Wote wawili waliitazama taa. Simu ililia mara kadhaa, mkonga ukainuliwa, na sauti ya bibi ikajaa nyumba nzima akimuuliza mdogo wake leo ameona nini kingine. Taa ilikaa kijani, tulivu, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Chiriku alirudisha macho kwenye ubao. Alipigana kwa kila askari aliyebaki. Bibi alikuwa bado anaongea wakati mfalme wake alipokosa pa kukimbilia, na kioo kikaandika kwamba amefungwa.

Alikimbilia chumbani akirukaruka.

"Bibi, nimefungwa. Nimefungwa mpaka mwisho."

Bibi alifunika mkonga kwa kiganja, akamuuliza kaka, aliyekuwa amemfuata Chiriku, kama mtoto ana homa. Kaka alikuwa anacheka hadi amekaa chini sakafuni.

Haukupita muda mwalimu alipiga kwa simu ya kaka. Alisema shule ile imeuona mchezo wote, imeomba radhi, na jina la Chiriku limebaki kwenye mashindano. Yule msichana wa miwani alikuwa amemwandikia pia: alisema ilimtoa jasho, na kwamba angependa wacheze tena hata nje ya mashindano. Chiriku alisoma maneno hayo kwa sauti, akarudia kuyasoma.

Jioni shangazi alifika na mkoba wake wa kazi, mabega yameungua jua. Alisimuliwa mambo yote, pamoja na habari ya kunyata na waya wa chini ya kitanda, kwa sababu Chiriku hakuificha. Shangazi alitoa kichujio kipya, akakiweka kwenye kiganja cha Chiriku, lakini hakukiachia upesi.

"Ulipoichomoa simu ya bibi, taa ilitulia, ukadhani umetengeneza," alisema. "Hukutengeneza kitu. Ulilitoa tatizo kwako ukampa bibi alale nalo. Na kaka yako ulimhukumu bila hata kumjaribu. Leo mmechukua kitu kimoja kimoja, mkauliza kila kimoja swali lake, mpaka mwenye kosa akajulikana. Fanya hivyo kwa watu pia, kabla hujafungua mdomo. Nyumba imetengenezeka pale kila aliye ndani yake anapopata chake, wewe mchezo wako na bibi mdogo wake."

Chiriku aliitikia. Kisha akaenda sebuleni, akachomeka kichujio kipya ukutani na simu kwenye kichujio, akamwomba kaka apige, huku macho yake yakiwa kwenye taa.