Mguu wa Skola

Darasa zima la tano liliinuka kwa pamoja, na karibu wote wakaanguka. Hakuna aliyewasukuma. Walikuwa wamevaa vazihisi, suruali nyembamba zenye nyuzi zinazozungumza na mishipa ya fahamu, na kwa saa hiyo moja mguu wa kushoto wa kila mtoto ulikuwa mguu wa Skola.

Mhandisi Kobelo, baba yake Skola na mbunifu wa vazi hilo, alisimama nyuma ya darasa akitabasamu. Skola alipondwa mguu na lori lisilo na dereva akiwa na miaka saba, na tangu hapo anatembea kwa gongo. Kobelo alitaka watoto wa Morogoro waujue ulemavu. Kusikia si kuona, alizoea kusema, na kuona nako si kuhisi. Basi watoto wakahisi. Walilia, wakaita mama zao. Beata, rafiki wa Skola tangu chekechea, alitapika.

"Somo limewaingia kwelikweli," Mwalimu Chuwa alisema, akifuta macho.

Liliwaingia mno. Kabla ya siku ile Skola alikuwa hatari kwenye rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Alisimama katikati, akicheza na gongo lake huku na huku, akaijaza chupa mchanga huku mpira ukimpita sikioni. Wenzake walimrushia kwa nguvu zote, wakimtania, "Leo gongo lako tunalifanya kuni!" Naye aliwajibu maneno yasiyofaa kuandikwa hapa. Sasa walimletea kiti kivulini.

"Pumzika, Skola. Pole jamani," Beata alimwambia. "Mimi nimevaa saa moja tu. We unawezaje?"

Jioni Skola hakugusa chakula.

"Baba, ule mguu uliowapa ni wa lini?"

"Wa hospitali, wiki ya kwanza. Ndipo vipimo vya mishipa yako vilipokuwa na nguvu."

"Wiki ya kwanza nilikuwa natamani kufa." Alisema bila kupandisha sauti. "Sasa hivi nina miguu mitatu na yote naijua. Hiyo hukuwapa. Umewapa maumivu yangu, wakadhani ndiyo mimi."

Kobelo aliumia kuliko siku ya ajali. Siku ile kosa lilikuwa la lori.

"Kesho nitarekodi upya, mwanangu. Ukicheza rede. Wavae hiyo."

Skola alikubali, kwa kumwonea baba yake huruma. Kesho yake alivaa vazihisi, akaingia katikati ya uwanja na chupa yake, tayari kukwepa. Kobelo alikaa pembeni. Taa ndogo ya kijani iliwaka kiunoni mwa binti yake, kuonyesha kwamba vazi linarekodi.

Beata aliuchukua mpira. Aliutazama mguu wa kushoto wa rafiki yake, uso ukamkunjamana. Kisha akainama, akauviringisha mpira chini taratibu, kama anayemchezesha mtoto anayetambaa.

Skola hakuukwepa. Mpira uligusa gongo lake, ukasimama. Alibaki akiuangalia, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote, jambo ambalo hakulifanya hata hospitalini. Taa ya kijani iliendelea kuwaka.