Mageuzi Kwenye Simu ya Mbale

"Geresom, nijibu. Mungu unamwamini au humwamini?"

"Eucabeth, hilo ni swali la kuulizana kwenye simu?"

"Nikuulizie wapi? Wewe uko Mbale, mimi niko Jinja, na baba amesema bila jibu hakuna harusi."

Eucabeth alikuwa amekaa mbele ya mitambo ya simu pale posta ya Jinja, waya mkononi, hedifoni kichwani. Kazi yake ilikuwa kuunganisha watu. Mchana wenzake wakitoka kwenda kula, alijiunganisha mwenyewe na Mbale, kwenye ofisi ya shule alikofundisha Geresom elimu ya viumbe. Yeye Mjaluo wa Kenya, binti wa dereva wa lori. Geresom alikuwa Mgisu wa Nakaloke, kijiji cha karibu na Mbale. Lugha ya nyumbani hakuna aliyeijua ya mwenzake, basi walipendana kwa Kiswahili, na Kiingereza wakakiachia kazini.

"Baba ameambiwa huko kwenu unafundisha watoto kwamba mtu alikuwa nyani."

"Sikusema hivyo. Nilisema sisi na nyani tuna babu mmoja, zamani sana. Kwa Kiswahili hata sijui niliiteje somo lenyewe. Mageuzi, labda."

"Mageuzi?"

"Ndiyo. Mageuzi yapo, Eucabeth, watu wapende wasipende. Yanakuja polepole, hakuna anayeyaona yakija. Wale wakubwa wa zamani, wenye miili kama nyumba na meno kama mapanga, si waliitawala dunia yote? Leo wako wapi? Mifupa mitupu. Na wadogo waliokuwa wamejificha mashimoni ndio waliorithi."

Kwenye laini kukasikika tik.

Mtu mwingine asingeisikia. Eucabeth aliijua sauti ile kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe: mtu wa tatu ameingia. Akatega sikio. Kulikuwa na pumzi pale, nzito, ya mtu mwenye mafua.

"Geresom, nyamaza."

"Ninyamaze vipi, na wewe ndiye umeniuliza? Sikia, hata huyo Mungu..."

"Samahani, namba imekosea!" Eucabeth akasema kwa sauti ya kazi, akachomoa waya.

Miaka ile ya utawala wa jeshi mtu alikuwa anapotea kwa neno dogo kuliko hilo. Akaita Mbale tena, lakini safari hii hakuitafuta shule. Alimtaka Mastula, msichana wa mitambo ya kule, ambaye walijuana kwa sauti tu.

"Mastula, laini yangu ulikuwa unaisikiliza?"

"Mimi? Dada, nilitolewa nje. Afande alisema nikapumzike."

"Afande gani?"

"Dada, hapa si pa kutajana majina."

"Mastula, kama ni wewe niambie. Siku ile ulisema sauti ya Geresom ni tamu."

"Ni tamu, ndiyo, lakini siwezi kumuuza mtu kwa utamu wa sauti. Unanionaje wewe?"

Eucabeth hakujua amwoneje. Siku hizo mtu ulikuwa unamtazama hata anayekuuzia maandazi, unajiuliza jioni anakula na nani.

Kesho yake mchana Mastula akapiga mwenyewe. Alikuwa ananong'ona.

"Jinja? Ule mzigo wako umechukuliwa asubuhi."

"Mzigo gani?"

"Ule wenye sauti tamu. Umepakiwa kwenye gari lisilo na namba, mbele ya wanafunzi wake. Umepelekwa kambini."

Laini ikakatika. Eucabeth hakuomba ruhusa kwa mtu. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani mbio, akipita kwenye yale maduka ya Wahindi waliofukuzwa, yaliyobaki na rafu tupu. Baba yake, mzee Otiende, alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Mbale na shehena ya mahindi. Sasa alikuwa amelala chini ya lori uani, anakaza nati.

"Baba, Geresom amechukuliwa."

Spana ikasimama. "Na nani?"

"Na hao wa gari lisilo na namba."

Otiende akajivuta akatoka chini ya lori polepole, mikono myeusi kwa grisi. Hakumtazama binti yake. Akaanza kusema upesi upesi, kama mtu anayefunika sufuria inayofurika.

"Nilikwambia, nyathina, mwanangu. Tangu siku ile alipokuja hapa kujitambulisha. Nilimwambia injini ya lori hili haikujiunda yenyewe barabarani, kuna mtu alikaa akaifikiria, na dunia vilevile. Akanijibu nini? Eti, lakini mzee, lori lako la kwanza si lilikuwa la kuwashwa kwa hendeli, na hili la ufunguo? Hayo ni majibu ya kumpa baba mkwe?"

"Baba, si saa ya hayo."

"Ndiyo saa yake! Mtu asiyemwogopa Mungu, siku ya harusi ataapa kwa nani? Akikuchoka, nani atamzuia? Mtu anayesema wakubwa wenye meno kama mapanga wamebaki mifupa mitupu, mtu huyo..."

Akanyamaza. Ila alikuwa amekwisha chelewa.

"Baba, umesema nini?"

"Nimesema nini?"

"Mifupa mitupu. Hayo maneno aliniambia mimi, kwenye simu, jana. Sijamwambia mtu."

Otiende akakifuta kiganja kwenye suruali, akakifuta tena.

"Nilikuwa namdhania Mastula," Eucabeth akasema. "Namdhania kila mtu pale kazini. Wewe sikukudhania."

"Nilimwomba Sajini Barasa. Ni ndugu yetu kanisani, nikilala Mbale tunasali pamoja. Yeye ndiye mlinzi wa nyumba ya simu. Nikamwambia amsikilize huyo mwalimu kidogo tu, nijue kama ana Mungu. Jina lako sikulitaja, haki ya nani. Alfajiri ya leo nikipakia mahindi ndipo akanieleza aliyoyasikia. Hakuniambia kama atawaambia wengine."

"Umemwomba askari asikilize simu ya mtu? Miaka hii?"

"Nilimwomba Mkristo."

"Mkristo mwenye bunduki, baba!"

Mzee akakaa kwenye ngazi ya lori. Kwa mara ya kwanza Eucabeth akamwona ni mzee kweli.

"Simama twende Mbale," akamwambia.

"Mimi ni Mkenya, Eucabeth. Unajua wanavyotuangalia sasa. Mkenya kuingia kambini kwa miguu yake?"

"Basi nipe ufunguo, nitatafuta dereva mwingine."

Otiende akauangalia ule ufunguo kwa muda. Halafu akapanda mwenyewe.

Njiani, kwenye kila kizuizi cha askari Otiende alivua kofia, akatabasamu, akasema ndiyo afande, hapana afande. Mlima wa Mbale ulipoanza kuonekana mbele yao jua lilikuwa bado kali.

Langoni mwa kambi Sajini Barasa mwenyewe ndiye aliyetoka, pua nyekundu kwa mafua. Eucabeth akaitambua pumzi kabla ya uso.

"Bwana asifiwe, ndugu Otiende."

"Barasa, umenifanyia nini? Nilikwambia usikilize kama anamwamini Mungu!"

"Nimesikiliza. Mungu hakutajwa sana. Yaliyotajwa ni mageuzi. Wakubwa watabaki mifupa, wadogo wako mashimoni wanangoja kurithi. Ungekuwa mimi ungefanyaje? Kama ni mtego wa kunipima, na mimi nimenyamaza, nani analala ndani?"

Wakapelekwa kwa kapteni, mtu mnene aliyekuwa akila karanga nje ya ofisi, chini ya bendera, askari wamemzunguka.

"Wewe muzee nataka nini?" akauliza kwa Kiswahili cha kambini.

"Afande, nimekuja kwa ajili ya yule mwalimu. Kuna neno halikueleweka. Mageuzi."

"Mageuzi mimi naelewa. Ni kugeuza serikali. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya moja."

Askari wakacheka.

"Haya ni mengine, afande. Haya ni ya wanyama."

"Wanyama nageuza serikali?"

"Hapana. Ni somo la shule. Ni hivi... ni kama lori." Eucabeth akamtazama baba yake asiamini anayoyasikia. "La kwanza lilikuwa la hendeli. Likaja lingine lina nguvu zaidi, likaja la ufunguo. Lile la zamani unalikuta limelala, mifupa mitupu. Basi hawa walimu wanasema viumbe navyo vilikwenda hivyo hivyo, kidogo kidogo. Na mtu pia. Wanasema zamani sana mtu na nyani walikuwa na babu mmoja."

Karanga zikasimama karibu na mdomo.

"Babu ya nani?"

Hakuna aliyecheka tena. Kapteni akainuka.

"Nauliza, babu ya nani? Yangu? Ya mukubwa wa nchi?"

Eucabeth akamgeukia baba yake. Akafikiri, sasa atakimbia, atasema kweli mwalimu huyu ni mpagani, mfanyeni mtakavyo.

"Babu yangu, afande," Otiende akasema. "Mimi, Otiende. Mwalimu alinitukana nyumbani kwangu kwamba mimi ni mjukuu wa nyani, nikakasirika, nikamchongea. Ni ugomvi wa mtu na mkwewe. Hauna serikali ndani yake."

"Kwa hiyo wewe ni nyani?"

"Ndiyo, afande."

"Onyesha."

Otiende alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu ambaye hata kucheza ngoma aliacha tangu alipobatizwa. Akavua kofia, akampa binti yake, akashuka chini kwa mikono na magoti. Akaruka kwenye vumbi mpaka kwenye mlingoti wa bendera, akageuka, akarudi anajikuna kwapa.

"Lia!"

Akalia kama nyani. Askari walishika matumbo. Barasa alitazama upande mwingine. Eucabeth aliibana ile kofia kifuani mpaka ikapoteza umbo.

Kapteni akajifuta machozi ya kicheko. "Lete mwalimu."

Geresom akaletwa, kiatu kimoja, mdomo umevimba. Alipomwona mzee chini kwenye vumbi akasimama ghafla.

"Mwalimu, hii ndiyo mageuzi yako?"

Geresom hakucheka. "Ndiyo, afande. Ni hayo tu."

"Na mwanamuke wa simu? Huyu tumeuliza mpaka mikono ya vijana imechoka. Yeye nasema hakuna mwanamuke, alikuwa naongea peke yake."

Eucabeth akapiga hatua mbele. "Ni mimi, afande."

"Simjui huyu," Geresom akasema.

"Geresom!"

"Simjui, afande. Kama aliniita, namba ilikosea."

"Ni mchumba wangu," Eucabeth akasema. "Anaficha jina langu. Nilikuwa namuuliza kama anamwamini Mungu."

"Na yeye alijibu nini?"

"Hakumaliza kujibu, afande. Sajini alikuwa anapumua."

Halafu kapteni akamgeukia Barasa, taratibu, kama anayegeuza nyama motoni.

"Sajini. Wewe naleta kwangu maneno ya posa?"

Wakatolewa langoni na mateke, wote watatu. Lori lilikuwa pale walipoliacha. Geresom alichota maji ya rejeta kwenye debe, akapiga goti, akaanza kumwosha mzee magoti yaliyochubuka. Otiende alijaribu kuuvuta mguu, akashindwa.

"Kwa nini hukumtaja?" akauliza. "Ungemtaja wangekuacha."

"Ningemtajaje, baba?"

"Ulimwogopa nani? Mungu si humwogopi?"

Geresom akakamua kitambaa. "Hilo sijui, baba. Siwezi kukudanganya. Huyo Mungu bado sijamjua vizuri, naogopa kusema namjua. Lakini Eucabeth namjua."

Mzee alikuwa anasali tangu utotoni, na ni yeye aliyemtia kijana huyu mikononi mwa watu wale. Akaugeuza uso upande wa mlima.

"Baba," Eucabeth akasema, "mimi bado sijakusamehe. Nataka ujue."

"Najua."

"Nikikusamehe nitakwambia."

"Nitangoja, nyathina."

Akangoja sana. Eucabeth alimpikia, akamfulia, akamjibu alipoulizwa, lakini cheko lake alimnyima mpaka uvimbe wa mdomo wa Geresom ulipokwisha na tarehe ya harusi ikapangwa. Siku hiyo ndipo alipomwekea baba yake chai, akamwambia, "Kunywa, we mjukuu wa nyani." Otiende alicheka mpaka chai ikamwagika.

Harusi ikafungwa Jinja. Bibi harusi alivaa gauni la kuazima, na Mastula akaja na basi kutoka Mbale, mara ya kwanza kuonana uso kwa uso na aliyemdhania vibaya. Walikumbatiana mlangoni wakiombana radhi kwa sauti mbili zinazojuana.

Kila kitu kilikwenda sawa mpaka mchungaji alipomgeukia bwana harusi.

"Geresom, unaapa mbele ya Mungu kwamba hutamwacha wala kumsaliti mwanamke huyu?"

Geresom akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa mtu wa kupima neno kabla ya kulitoa, na hili alikuwa analipima. Watu wakaanza kukohoa. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba, si wanasema huyu ni yule wa nyani?

Mzee Otiende akasimama kwenye benchi la mbele, suti imembana mabega.

"Mchungaji," akasema, "huyo alishaapa kule Mbale. Nilikuwepo. Endelea na pete."