Chigusa Hakuulizwa

"Yule mama wa chai kakuitaje?"

Motoharu akajifanya hajasikia. Akazidi kupanda ngazi za mawe katikati ya mierezi.

"Motoharu! Kakuinamia mpaka kiunoni, kakuita kuhani mdogo. Si uliniambia tunakuja kutembea tu?"

"Tufike juu kwanza, Chigusa."

Simu ya Motoharu ilikuwa mkononi mwa Chigusa, kwa ajili ya picha. Ikalia. Ujumbe ukajitokeza:

"Umeshamwambia mchumba wako? Mavazi yako ya kikuhani yako tayari. Mama."

Chigusa akausoma mara mbili. Akakaa pale pale kwenye ngazi.

"Mavazi gani?"

"Hekalu hili ni la kwetu," Motoharu akasema, macho chini. "Vizazi kumi na tisa. Baba anaumwa, hawezi tena. Nilikubali kumrithi tangu Februari."

"Februari! Na pete umenivisha Machi!"

"Niliogopa utanikimbia."

"Ukaona unilete kama mzigo? Mimi mwalimu wa kuogelea. Huku nitamfundisha nani, nyani?"

Akamrudishia simu yake, akashuka mbio. Langoni akakutana na mama mwenye ufagio, katoka ofisi ya hekalu.

"Wewe ndiye Chigusa? Hajakwambia?"

"Nimesoma ujumbe wako, mama."

Mama mtu akashusha pumzi. "Hata mimi sikuambiwa. Nilikuja na begi la siku mbili. Huu mwaka wa thelathini na nne. Basi lile pale, mwanangu. Panda."

Akapanda. Basi halijamaliza kona ya tatu, Motoharu akampigia simu.

"Nimemwambia baba sitaki. Tunarudi wote jijini Nagoya."

"Nani kakutuma ukatae?" Machozi yakamtoka. "Mzee mgonjwa, unataka nionekane mbaya mimi? Nilitaka kuulizwa tu!"



"Basi nakuuliza. Utaishi nami huku?"

"Kwenye simu?"

Akamwambia atamngoja kituo cha mtoni, akabonyeza kengele ya basi, akashuka. Akakaa, akasimama, akakaa tena. Nusu saa baadaye Motoharu akatokea akikimbia, shati limelowa, akapiga magoti kwenye changarawe.

"Inuka," Chigusa akasema. "Bwawa la kuogelea la karibu liko wapi?"

"Mjini, bondeni. Dakika arobaini kwa basi."

"Nitafanya kazi huko. Na ukinificha kitu tena, naondoka."

"Naapa..."

"Usiape. Nenda kamwombe baba yako radhi."

Walioana Novemba, hekaluni. Mama mkwe alipokuwa akimfunga mkanda wa kimono, mikono ikasita.

"Una uhakika, mwanangu?"

"Sina," Chigusa akajibu. "Lakini kaza, mama."