Faili Lililoitwa Kiti

Fundi wa kompyuta alikuwa ametoka kununua sabuni tu, magharibi inaingia. Aliporudi akamkuta shemeji yake mlangoni mwa karakana, binti yake kamng'ang'ania gauni. Kifuani mama huyo alikumbatia diski ya kompyuta iliyoviringishwa taulo.

Hata salamu hakutoa. Alisema kirusi kinakula sauti alizorekodi marehemu mumewe, kaka wa fundi, na sasa imebaki moja. Binti hajatamka neno tangu mazishi. Usingizi haumjii mpaka amsikie baba yake.

"Shemeji, nakuomba. Na hii ikienda, mwanangu ndiyo basi tena."

Binti akapandishwa kwenye stuli. Fundi akaichomeka diski. Palikuwa na faili moja asilolielewa, jina lake Kiti. Akalifuta.

Likarudi.

Akaleta programu ya kuua virusi. Ikalikamata, ikajisifu kwamba kazi imekwisha... likarudi. Alikumbuka minong'ono ya msibani, kwamba marehemu alikuwa kiti, pepo kampanda kichwani miaka na miaka, hadi siku moja akapona ghafla na asiseme kapona vipi. Fundi aliwacheka sana waliosema hivyo. Sasa kicheko hakikumjia.

Krr... krr... Diski ilikuwa inakwaruza kwa ndani. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani, na nje mvua hakuna.

"Fanya lolote," shemeji alinong'ona.

Akainakili ile sauti moja kwenye kompyuta yake, kisha akaifuta diski yote, kona kwa kona, isibaki hata chembe. Mkwaruzo ukakoma. Akasubiri. Kiti hakikurudi. Shemeji akaangua kilio cha shukrani, na fundi akavimba kichwa kidogo, maana sifa nazo ni tamu.

Akavaa visikizi masikioni aipime ile sauti. Kaka yake alikuwa akimbembeleza binti alale. Wimbo ukaisha. Kimya kirefu... halafu kaka yuleyule, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa:

"Kiti chako ni hii diski. Nimekufungia humu. Kaa humuhumu. Mwanangu mwache."

Akavua visikizi taratibu.

Nyuma yake, stuli ikalia.

"Nimepata kiti."

Sauti ilikuwa ya binti. Alikaa wima, miguu yake haifiki chini, akimtazama fundi bila kupepesa.

Shemeji akapiga magoti, akamkumbatia, analia huku anacheka. Mwanawe ameongea! Fundi alifungua mdomo amwambie. Amwambie nini? Tangu mazishi mwanamke huyu hakuomba kingine, na aliyempa ni yeye.

"Ndiyo, mwanangu," shemeji alisema, akimpapasa mgongo. "Kaa. Kaa vizuri."